Watoto Walioandikwa Chumvi na Sabuni

Tarehe tisa ya mwezi wa pili mama yangu alikufa, akiwa bado anamngoja Assani. Assani ni kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa, mtoto wa miaka kumi alipoondoka nyumbani kwetu Kindu wakati wa vita. Hakurudi. Hatujui kama yu hai, wala hatujui mara ya mwisho alipoitwa aliitwa jina gani.

Baada ya maziko, shangazi yangu Sakina alinituma nitoe vitu vya marehemu chumbani ili vigawanywe. Havikuwa vingi. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na nilipofungua kifuniko harufu ya naftalini ilinipanda puani nikakaa chini. Mama alikuwa akiweka naftalini humo ili mende wasiguse kitu chake. Ndani ya kitambaa, ndani ya kitambaa kingine, ilikuwamo disketi. Wa umri wangu mnazikumbuka: kibamba cheusi cha plastiki, mraba, chenye kijibati kinachoteleza na kurudi chenyewe kwa mlio mdogo. Nilipokuwa mdogo niliupenda mlio ule. Siku hiyo sikutelezesha kitu. Niliishika tu, mikono yangu ikinuka kama sanduku la nguo za wafu.

Disketi ile iliandikwa na kaka yetu mkubwa, Ramazani. Alikuwa na kazi ya sekretaria karibu na soko, maana yake chumba kidogo ambamo watu walileta maneno yao na yeye akayapiga kwenye mashini, yaani kompyuta: maombi ya kazi, matangazo ya kifo, karatasi za shule. Mashini yenyewe ilikuja na treni kabla reli haijakatika. Kioo chake kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, na ukigusa uso wake nywele za mkono zilisimama. Nje ya mlango ilinguruma jenereta, tuliyoiita grupu, na chumba kizima kilinuka petroli na vumbi lililopata moto. Mimi nilikaa kwenye kreti ya chupa kando ya kiti chake. Kazi yangu ilikuwa kuwapepea nzi wasitue kwenye karatasi nyeupe.

Ramazani alikuwa mwembamba, kalamu imechomekwa nyweleni, na mdomo wake haukutulia. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja kuandikisha ombi la kwenda kwa mkubwa fulani Kisangani. Alisimama nyuma yake akitazama vidole vyake, kisha akakasirika.

"Mwanangu, bonyeza na nguvu. Hii karatasi iko inaenda mbali."

"Papa, hata nikibonyeza na nyundo, itafika pale pale."

"Bonyeza tu. Nguvu haiko yako?"

Ramazani akabonyeza kwa nguvu, mzee akaridhika, akatoka akimsifu kwa watu.

Ni Ramazani aliyenifundisha mambo ya mikia. Kwenye kioo kila kazi iliyowekwa ilikuwa na jina lisilozidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. Hizo tatu aliziita mkia. Alisema jina ni la kazi yenyewe, ila mkia ndio unaoiambia mashini ni programu gani inayojua kuisoma. Maandishi yake yalikuwa na mkia wa WRI. Hesabu za wafanyabiashara, zilizopangwa katika vyumba vidogo kama asali ya nyuki, zilikuwa na mkia wa WK1. Picha, ambazo hazikuwa nyingi, zilikuwa na mkia wa PCX. Ukiipa programu ya hesabu kazi yenye mkia wa picha haitaitaka, kama vile mama wa watu hamnyonyeshi mtoto asiyemjua.

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mimi nilikuwa na miaka minane na nililichukua neno lake zima zima. Shuleni kila mmoja wetu alikuwa na majina, na la mwisho ndilo lililosema unatoka nyumba ya nani. Basi nikaelewa kwamba mkia ni jina la ukoo. WRI ulikuwa ukoo wa wazee wanaoomba vitu. WK1 ulikuwa ukoo wa matajiri. PCX walikuwa watu wazuri wa sura, wachache, na niliamua moyoni kwamba sisi wa nyumba yetu ni PCX. Sikumwambia mtu. Nilifurahi nalo jambo hilo kwa muda mrefu.

Halafu mji ukafungwa. Watu wenye bunduki walikuwa ndani, watu wengine wenye bunduki walikuwa msituni kutuzunguka, na mashamba yetu ya muhogo yalibaki katikati. Aliyekwenda shambani aliulizwa na hawa kwa nini ametoka kwa wale, na akirudi aliulizwa na wale kwa nini ametoka kwa hawa. Wengine hawakurudi kuulizwa. Tulikula majani ya viazi, kisha majani ambayo Mama hakututajia jina. Njaa ya mtoto haiko tumboni peke yake. Nakumbuka magoti yangu yalivyokuwa na baridi mchana, na jinsi nilivyoanza kuchukia harufu ya petroli kwa sababu ilinifanya nitake kutapika na sikuwa na kitu cha kutapika.

Mashini ya Ramazani haikuzimika. Petroli ilitoka kwa wenye bunduki wa mjini, kwa sababu walihitaji karatasi zao za kupita ziandikwe. Na katika siku hizo shule yetu ilimpa kazi ya kutengeneza kadi za wanafunzi wa kiume wakubwa kidogo, kadi zenye picha, ili mvulana akikamatwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, aonyeshe kwamba yeye ni mtoto wa shule, si mpiganaji. Wavulana walikuwa wakichukuliwa. Walipewa bunduki ndefu kuliko wao na kuitwa kadogo. Assani alikuwa mfupi, lakini kumi ni kumi.

Ramazani aliazimwa kifaa cha kuingizia picha kwenye mashini, ili shule ibaki na nakala. Kilikuwa kama pasi ndogo: unakishika kwa mkono unakivuta polepole juu ya picha ya karatasi, na kwenye kioo sura inashuka mstari kwa mstari, kwanza nywele, kisha paji, kisha macho. Niliamini anazipiga pasi picha ili zisiwe na makunyanzi ya njaa. Ya Assani niliiona ikishuka hivyo. Ilikuwa picha yake ya pekee. Mama aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka alipoona kidevu kimefika.

"Iko ndani?" akauliza.

"Iko ndani, Mama."

"Na haitatoka?"

"Labda mimi niitoe."

Picha ya karatasi ikabandikwa kwenye kadi, na Assani akaivaa shingoni kwa uzi, akawa anatembea amejaza kifua mpaka tukamcheka.

Haikupita muda mrefu, akaja mtu mmoja aliyekuwa karani wa wale wenye bunduki. Alivaa viatu vilivyong'aa. Aliongea kwa upole, na kwa ajili ya upole ule nilijificha nyuma ya kreti yangu.

"Kijana, nasikia uko na sura za wanafunzi wote humu."

"Si wote, chef. Kidogo kidogo."

"Mukubwa anataka kuziona. Kuna ambao hawaonekani tena mjini. Tunataka kujua njo nani amekwenda msituni."

"Kesho, chef. Leo grupu iko na homa."

"Kesho basi. Usiniambie kesho iko na homa pia."

Alipoondoka, Ramazani alichungulia nje ya mlango. Kisha akachukua disketi mpya, ya mwisho aliyokuwa nayo. Alinieleza akifanya, kama alivyozoea kunieleza kila kitu, ila sauti yake haikuwa na mchezo. Disketi ina tumbo dogo, alisema, haipokei watoto wengi. Angeweka wa avenue yetu tu, wa mtaa wetu. Wengine angewafuta kabisa wasionekane na mtu yeyote. Na hata hawa wa kwetu hawangekaa na majina yao, wala na mkia wa picha, kwa sababu yule karani hakuwa mjinga. Angetafuta PCX na kuzipata. Angewavalisha kama hesabu za soko.

Nilimwona akimbadilisha wa kwanza, mtoto wa jirani yetu. Alifuta jina lake, akaandika SUKARI, kisha akafuta PCX akaandika WK1. Mashini ikalia, ikatoa kijisanduku chenye maneno ya Kifaransa.

"Inasema nini, yaya?" nikamwuliza, kwa jina letu la kaka mkubwa.

"Inasema ukibadilisha mukia, hii kitu inaweza kukosa kutumika tena. Inauliza kama niko na uhakika."

"Uko na uhakika?"

Akabonyeza Ndiyo.

Kisha akanituma nje nikatazame kama kuna mtu anakuja. Nilisimama kwenye jua nikitazama barabara tupu na mbwa mmoja aliyekuwa akijilamba kidonda. Niliporudi, kwenye kioo walibaki CHUMVI, SABUNI, MCHELE, MAFUTA, na wengine wa namna hiyo, wote WK1. Hata SUKARI sikujua tena ni nani, alikuwa amewachanganya.

"Assani njo nani?" nikauliza, yaani ni yupi kati yao.

"Usijue. Ukijua utasema."

Karani aliporudi alitafuta PCX asipate hata moja. Mambo haya na mambo ya nyumbani yalitokea katika juma moja, na akilini mwangu yalishikana. Alikuwako mwanamke anaitwa Mauwa, mchuuzi wa chumvi, aliyejua njia za kufika Pangi ambako mjomba wetu alikuwa akilima na chakula kilikuwapo. Wakati ule akina mama walikuwa na desturi waliyoifundishwa na vita: mtoto mwenye jina la hatari alivushwa na mwanamke mwingine kama mtoto wake. Kila bariyeri ilikuwa na makabila yake iliyoyachukia, kwa hiyo mwanamke mwenye akili alibadilisha ukoo wa mtoto njiani kadiri alivyojua nani wamekaa mbele. Mauwa alisema hivyo waziwazi, amekaa kwenye ukuta wetu akifunga mzigo.

"Majina nitamupa njiani. Ya kwanza hii, ya pili ile. Yeye ajue kitu moja tu, mama yake njo mimi."

Kisha akamgeukia Assani. "Weye, mama yako njo nani?"

Assani akamtazama Mama.

Mama akampiga kofi. Hakuwa mtu wa kutupiga. "Usinitazame mimi," akasema. "Anakuuliza. Mama yako njo nani?"

Assani, machozi yakimshuka, akamtazama Mama tena, na kofi la pili likatua. Mara ya tatu akamtazama Mauwa. "Njo huyu," akasema.

"Sasa iko vizuri," Mama akasema, akaingia ndani.

Kadi ya shule haikuweza kwenda naye. Jina lililoandikwa humo lingemuua. Mama aliivua shingoni mwake, akaitia kwenye makaa ya mbabula, jiko letu, pamoja na picha. Alipoona nimeshtuka aliniambia, "Iko kwenye mashini." Aliamini hivyo, na kweli ilikuwako, ila kwenye disketi. Waliondoka na mtumbwi kuvuka mto, Mauwa na mzigo wake wa chumvi na watoto wake wawili na huyu wa tatu. Assani hakugeuka kututazama. Alikuwa ameshafundishwa.

Baada ya muda, sikumbuki mrefu kiasi gani, mtu aliyepenya kutoka Pangi alileta salamu za mjomba. Alikuwa akiuliza mbona hatujamtuma mtoto kama tulivyosema. Mauwa naye hakuonekana tena Kindu, wala watoto wake.

Mimi nilijua sababu. Mashini ilikuwa imetuonya kwa lugha yake kwamba ukimbadilishia ukoo anaweza kukosa kurudi, na Ramazani akabonyeza Ndiyo. Nilikimbia hadi sekretaria. Alikuwa peke yake, anasafisha mashini kwa brashi ya viatu.

"Yaya, bonyeza Hapana."

"Hapana ya nini?"

"Ile iliuliza. Ulisema Ndiyo. Sasa sema Hapana ili Assani arudi."

Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Aliniweka kwenye paja lake, mimi mkubwa wa kutowekwa pajani.

"Sikia. Faili inarudi. Nikiandika mukia yake ya kweli, inarudi mara moja, na sura yake yote."

"Na Assani?"

"Assani si faili," akasema.

Sikumwamini. Niliona anakataa tu, na kwa siku nyingi sikumsalimia.

Ramazani alikufa kabla mji haujafunguliwa. Tumbo lilimwendesha, dawa hazikuwapo, na mwili wake haukuwa na akiba. Aliitoa disketi chini ya mkeka akampa Mama. Nilikuwapo, nimeshika bakuli la maji.

"Watoto wako mule," alimwambia. "Mwambie muntu wa mashini, mikia yao ni ya uongo."

"Assani njo gani?"

"Utamujua."

"Ee," Mama akasema. "Nitamujua. Mimi njo nilimuzaa."

Kwa hiyo hakuuliza zaidi. Mama hakujua kusoma, na jina lililoandikwa halikuwa na kazi kwake. Alikuwa na macho yake.

Vita vilipopungua walikuja watu wa kutafuta watoto waliopotea, wakafungua ofisi. Walikuwa na subira, sitawasema vibaya. Walitaka jina la mtoto. Mama akasema jina lake, kisha akasema hakusafiri na jina hilo. Walitaka jina alilosafiri nalo. Akasema ni mengi na hayajui. Wakataka picha. Mama akafungua kitambaa akatoa disketi.

Kijana wa ofisi aliitia kwenye mashini yake, akatazama, akakunja uso. "Mama, hii ni hesabu ya soko. Chumvi, sabuni."

"Ni watoto."

"Mama yangu, tazama. Mchele. Mafuta."

"Ni watoto, nakuambia. Mikia yao ni ya uongo."

Kijana alinitazama mimi nimsaidie. Nikasema, kwa aibu, "Walibadilishwa ukoo." Niliona machoni mwake jinsi alivyotuhurumia. Alijaribu kufungua SABUNI kwa programu yake ya hesabu, ikamwambia kazi hii haitambuliki. Akasema programu ya WK1 ni ya kizamani, huenda ikapatikana Goma au Lubumbashi kwa watu waliotunza mashini za zamani.

Hapo ndipo tulipopotea. Kuanzia siku hiyo Mama alitafuta programu ya hesabu. Alipomsikia mtu yeyote anakwenda Goma alimfuata hadi uwanja wa ndege. Miaka ilipita, mimi nikaacha shule baada ya mwaka wa pili wa sekondari, nikaolewa, nikaanza kuuza mafuta ya mawese. Mtu mmoja alifanikiwa kuipata ile programu, akajaribu, ikakataa, akasema kilichomo kimeharibika. Mwingine alielewa kidogo maneno ya Mama kuhusu mikia; akaondoa WK1 akaweka mkia wa picha za siku hizi, picha zikakataa pia, akairudisha WK1, akampa Mama disketi akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimesahau PCX. Nilizikumbuka zile tatu kama jina la ukoo wetu wa mchezo tu, jambo la utotoni, na halikunijia kwamba ndilo lililokuwa likitakiwa. Halafu mashini mpya zikaja bila mdomo wa kupokea disketi, na watu wakaacha hata kutuhurumia. Mama hakuacha kuweka naftalini.

Juma lililofuata maziko nilikwenda kwa Feza. Ni mwanamke wa umri wangu, ana duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza simu, na kila siku nilipita mbele ya mlango wake nikiwa na mafuta yangu kichwani. Nilimwonyesha disketi nikitarajia acheke. Akavuta droo, akatoa kisanduku chenye waya.

"Kisomeo niko nacho tangu mwaka uliopita," akasema. "Muteja alikiacha. Sijakitumia hata mara moja."

Mwaka uliopita Mama alikuwa anatembea. Alikuwa akija mwenyewe sokoni.

Kisomeo kilikwaruza muda mrefu. Kwenye kioo wakatokea: CHUMVI, SABUNI, SUKARI, MCHELE, UNGA, MAFUTA. Nilimweleza Feza kwamba ni hesabu ambazo si hesabu, na kwamba programu yake haifai.

"Nani alikuambia ni hesabu?"

"Mikia."

"Dada, mukia ni nguo tu. Muntu anaweza kuvaa nguo ya askari na hajashika bunduki hata siku moja." Aliifungua SABUNI katika programu inayoonyesha namba tupu, zile zinazokaa ndani ya kila faili kabla halijawa kitu cha kutazamwa. Akaweka ukucha wake kwenye ya kwanza. "Kila faili inabeba alama kichwani. Hesabu za WK1 zinaanza na sifuri. Hii inaanza na kumi. Na hii, kumi. Zote. Kumi ni za programu ya kuchora ya zamani sana, mukia wake ulikuwa..."

"PCX," nikasema. Ilinitoka mdomoni yenyewe.

"Ulijua?"

Nilivuta kiti nikakaa karibu na kioo.

Alisema programu ile ilikwisha kufa, hakuna anayeiuza, lakini kuna nyingine ya bure inayosoma alama ya kichwa na kupuuza mkia. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima chupa ya mafuta. CHUMVI ikafunguka. Alikuwa mvulana. Sura yake ilikuwa ya kijivu, nukta nukta, na mistari ya kulala pale ambapo mkono wa Ramazani ulitetemeka. SUKARI alikuwa mvulana. MCHELE, UNGA, SABUNI, wavulana. MAFUTA ilikwaruza na kukwaruza, kisha mashini ikasema haisomeki. Mahali pake kwenye disketi pamekufa. Feza alijaribu tena na tena, akafuta kijibati kwa pamba, akajaribu. Haikukubali.

Wote watano walikuwa wamenyolewa vichwa, kama wavulana wote wa wakati ule kwa ajili ya chawa. Wote walikuwa wamevaa shati moja jeupe lenye kola, lililowapwaya. Lilikuwa la mpiga picha, aliyewaazima wavulana wote wa shule. Wote mashavu yalikuwa yameingia ndani. Njaa ilikuwa imewapa sura moja.

"Njo gani?" Feza akauliza.

Nilitazama. Kwa miaka hii yote nimekuwa na uso wa Assani kichwani. Nilikuwa nikiuona nikifumba macho. Sasa nilipowatazama wale watano niligundua kwamba uso niliokuwa nao ni wa mwanangu wa pili, alipokuwa na umri ule. Wa Assani sikuwa nao. Sijui uliondoka lini.

"Tazama polepole," Feza akasema. "Hakuna anayetukimbiza."

Alichapisha wote watano, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Nyumbani msiba ulikuwa bado umekaa. Niliwapelekea shangazi Sakina, dada wa baba yetu, na mama mdogo Bitondo, mdogo wake marehemu, waliokuwa wamekaa mkekani wakichambua mchele wa hitima. Niliwaeleza kwamba ofisi ya watafutaji bado ipo na inapokea picha, picha moja, ya mtoto mmoja. Shangazi alizisogeza karatasi karibu na pua yake.

"Huyu," akasema. "Tazama masikio. Ni ya kaka yangu haya."

"Masikio gani? Weye unaona masikio na hayo macho yako yenye ukungu?" Mama mdogo alimnyang'anya karatasi. "Assani njo huyu. Paji la uso ni letu. Ni paji la dada yangu."

"Paji la kwenu kubwa kama sufuria, nani asingeliona? Huyu si wake."

"Basi alizaliwa na masikio peke yake, bila mama?"

"Nilimubeba mgongoni huyu mutoto!"

"Mimi nilimuogesha!"

Walivutana hivyo, karatasi zikipita kutoka mkono hadi mkono. Kisha mama mdogo akaichukua ya tatu, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja, akaisogeza kwenye mwanga. Akasema labda ni huyo. Shangazi hakubisha. Wote wawili wakanigeukia.

"Weye ulilala naye mukeka moja," shangazi akasema. "Sema weye."

"Kuna mwingine wa sita," nikawaambia, "hakufunguka."

"Sikuulizi wa sita. Kati ya hawa, njo gani?"

"Sijui, Shangazi."

Nje mwalimu alikuwa amefika na watu wa hitima, akapiga hodi. Mama mdogo akajifunga kanga vizuri na kufuta uso. Shangazi akazikusanya zile karatasi, akazigeuza sura chini, akaziingiza chini ya ukingo wa mkeka, akakaa juu yake. Dua ikaanza.